Macho Kuingia Giza Ukiwa na Chuma

Barua nyingi safari hii ni za kizunguzungu cha wanyanyuaji. Kabla hujaisoma ya mwenzako, jiulize chako kinakuja lini: chuma kikiwa juu, ukishakitua, ukilala benchi, au hata siku usiyogusa chuma. Majibu yangu karibu yote yameanzia hapo.

Shikamoo daktari. Nina miaka 24, napiga tizi mwaka wa pili sasa. Dedilifti (kuvuta chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima) ya kilo 140 naivuta vizuri, ila nikishaitua macho yanaingia giza, masikio yanavuma, nashika ukuta. Wenzangu wanasema sina damu, wengine wananiambia niongeze mayai. Naumwa? – Msomaji, Mbeya

Marahaba. Kwa ulivyoeleza, mayai hayahusiki. Unabana pumzi.

Kila anayenyanyua mzigo mzito hubana pumzi, atake asitake. Anavuta hewa, anafunga koo, anakaza tumbo, na hewa hiyo iliyofungiwa ndani ndiyo inayosaidia mgongo usipinde. Kitendo hicho kinaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Bologna, Italia, aliyekieleza mwaka 1704 katika kitabu chake kuhusu sikio. Yeye alitaka kusukuma usaha utoke sikioni, hakuwa na habari na dedilifti.

Sasa tazama kifuani. Hewa iliyobanwa inakandamiza mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni, kwa hiyo moyo unabaki na damu kidogo ya kusukuma. Wakati huohuo misuli iliyokaza inaibana mishipa iliyomo ndani yake na presha inapaa. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima vijana wazima, wazoefu wa vyuma, kwa mrija uliowekwa ndani ya mshipa wa mkono huku wakisukuma uzito kwa miguu miwili. Wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja wao alivuka 480 kwa 350. Halafu unatua chuma na kuachia pumzi yote kwa mkupuo. Misuli inalegea, mishipa iliyobanwa inafunguka, damu inakimbilia miguuni na presha inaporomoka ndani ya sekunde chache. Ubongo uko juu kuliko moyo, ndiyo maana unakuwa wa kwanza kulalamika.

Cha kufanya: pumzi moja kwa rudio moja, usiiburute mpaka la tatu. Ukishapita pale pagumu, achia hewa kidogokidogo kupitia meno. Usipumue harakaharaka kabla ya kuvuta, kama wafanyavyo wengi wakidhani wanajaza oksijeni. Unachofanya ni kuipunguza kabonidayoksaidi kwenye damu, na hiyo ikipungua mishipa ya ubongo husinyaa. Ukishatua, legeza mkanda na utembee. Usisimame tuli mikono kiunoni, maana vigimbi ndivyo vinavyoisukuma damu irudi juu, na vinafanya kazi vikitembezwa. Giza likianza piga goti, usishindane nalo. Kizunguzungu chenyewe kinapita; kinachovunja meno ni kuangukia vyuma.

Ukirekebisha hayo na hali ikaendelea wiki baada ya wiki, nenda ukapimwe.

Kaka, gym yetu ni ya uwanjani, vyuma vya bomba na zege. Nikipandisha chuma mpaka mabegani kwa mbele, kabla sijakisukuma juu, nasikia kama nazimia. Kikiwa mgongoni sioni shida. – Temeke

Sentensi yako ya mwisho imeshajibu. Chuma kinakukaa kooni. Pande mbili za koo, chini ya pembe ya taya, inapita mishipa ipelekayo damu kichwani, na hapo mwili umeweka vihisi vya presha. Ukivikandamiza vinatoa taarifa kwamba presha imepanda mno, na moyo unapunguza mwendo kwa amri ya uongo. Hata wanyanyuaji wa kiwango cha Olimpiki huanguka hivyo, chuma kikiwa mabegani kikisubiri kwenda juu.

Nyanyua viwiko mbele na juu, chuma kilalie nyama ya bega, kisha vuta pumzi mpya kabla ya kusukuma. Najua tatizo la vyuma vyenu: bomba likishindiliwa zege kwenye makopo ya rangi halizunguki ndani ya uzito kama chuma cha kiwandani, kwa hiyo viwiko vinachelewa kupanda. Shusha uzito mpaka viwiko viweze kupanda bila kugombana.

Mimi si mtu wa gym. Napakua magunia sokoni, mengine lumbesa, yaliyojazwa kupita kiasi. Asubuhi niko sawa, ila kuanzia saa saba mchana nikiinuka na mzigo dunia inazunguka. – Mpakuaji, Dar es Salaam

Asubuhi una maji mwilini. Saa saba umeshayamwaga kwa jasho, damu imepungua ujazo, halafu unachuchumaa na kuinuka ghafla na zaidi ya kilo 100 mgongoni, pengine kwa chai na andazi la alfajiri. Kunywa maji kidogokidogo tangu asubuhi bila kungoja kiu. Mkojo ukiwa na rangi ya njano iliyokoza, umechelewa. Kula mlo wenye chumvi kabla ya jua kukaza. Mzigo utwishwe na wenzako badala ya kuuinua peke yako kutoka chini, na usibane pumzi kutoka kwenye lori mpaka stoo.

Lumbesa imekatazwa kisheria miaka mingi, na bado ipo. Anayeuza anaokoa hela ya gunia la pili, wewe unalipia kwa mgongo.

Assalaam alaykum. Mwezi wa Ramadhani ninyanyue vyuma kabla ya futari au baada? Mwaka jana nilitetemeka mpaka nikakaa chini. – Unguja

Waalaykumu salaam. Vizito baada. Saa kumi na moja jioni umeshakaa karibu saa kumi na mbili bila tone la maji. Kama hupendi kukosa muda huo, fanya mepesi ambayo unaweza kuzungumza huku ukiyafanya. Vizito viache mpaka baada ya tarawehe, ukiwa umefungua kwa tende na maji na chakula kimeshuka. Ukivamia chuma na tumbo lililojaa mihogo ya nazi, damu iko tumboni, na kizunguzungu kitakufuata hukohuko. Ile mitetemo, ikija na jasho baridi, huwa ni sukari kushuka. Mwenye kisukari asijaribu lolote kati ya haya bila kuzungumza na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Nanyanyua dambeli za kilo 8 tu, na kizunguzungu hakisubiri dambeli. Hata ngazi za ofisini nahema. Hedhi yangu ni nzito, siku saba. Mume wangu anasema niache gym. – Mama wa wawili, Nakuru

Dada, gym haijakukosea. Nenda kapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Pima na mimba pia, hata kama una uhakika. Ukikutwa na upungufu, atafutwe na mwizi wake: hedhi, minyoo, malaria, au chakula. Usinunue chupa ya dawa ya kuongeza damu kwa kukisia. Na chai ya maziwa iondoe mezani wakati wa mlo, kwa sababu inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Isogeze saa moja au mbili.

Nikijilaza benchi tu, hata sijashika chuma, chumba kinazunguka kama sekunde ishirini kisha kinatulia. Hata nikigeuka kitandani. – Arusha

Hilo ni la sikio, moyo hauhusiki. Ndani ya sikio kuna punje ndogo za chokaa zinazosaidia usawa wa mwili, na zikihama mahali pake huleta kizunguzungu cha aina hiyohiyo. Daktari wa masikio huzirudisha kwa kukugeuza kichwa na mwili kwa mpangilio maalumu, bila upasuaji na mara nyingi bila dawa.

Nina miaka 56, natumia dawa ya presha, na nyingine ya tezi dume. Kijana wangu ananishawishi nianze vyuma. Naogopa kuanguka. – Mzee, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Kijana ana haki, mradi presha imetulia. Ukipima umekaa ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna chuma. Ikiwa sawa, chukua uzito unaoweza kuurudia mara 10 hadi 15 huku unapumua, na uache kabla nguvu hazijaisha. Dawa nyingi za tezi dume hulegeza mishipa, na ukichanganya na ya presha, kuinuka ghafla kunaweza kukuangusha. Pima ukiwa umekaa, kisha simama, upime baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mpelekee daktari hizo namba. Usikate dozi mwenyewe.

Mwenzetu alizimia katikati ya skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, chuma kikiwa mgongoni. Tukammwagia maji, akaamka, akamalizia seti. Kesho anataka kurudi. – Morogoro

Asirudi. Kuona giza baada ya kutua mzigo ni jambo moja, na kuzimia ukiwa katikati ya nguvu ni jingine kabisa. Hilo la pili linaweza kuwa moyo: msuli ulionenepa kupita kiasi, valvu iliyobana, au mapigo yaliyopotea njia. Muulizeni kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, kama moyo humwenda mbio bila sababu, na kama ana vinasaba vya selimundu (sikoseli). Anahitaji kipimo cha umeme wa moyo na cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa. Wao wakiona haja watampeleka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Akipata maumivu ya kifua, kichwa kilichopasuka ghafla kwa maumivu, au upande mmoja wa mwili kulegea, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Na maji ya kumwagia hayasaidii. Mtu akizimia ondoeni chuma, mlazeni chali, miguu juu, mkanda legezeni, msimpe kitu cha kunywa mpaka awe timamu. Akiwa hapumui, mmoja apige simu na mwingine aanze kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Huyu wenu, mpaka majibu ya vipimo yatoke, atembee tu.