Sundara ya waya au Ananda-BT?

Mkuu, umeuliza kama hedifoni za planari (zenye utando bapa unaotikiswa na sumaku) zilizo wazi nyuma, kama Sundara na Ananda-BT isiyo na waya, zote za HiFiMAN, zinapoteza ubora zikitumia Bluetooth. Zinapoteza, ila kidogo: LDAC, mfumo wa kubana sauti ya Bluetooth, inapitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde, CD ni 1,411. Kwangu kinachoamua ni ampilifaya. Sundara ina ukinzani wa omu 37 na unyeti mdogo wa desibeli 94, yaani inataka nguvu nyingi, kwa hiyo ukiichomeka kwenye simu moja kwa moja inaimba kwa unyonge. Ananda-BT imebeba ampilifaya yake ndani. Kama unayo ampilifaya ya mezani, chukua ya waya. Weka taarab, usikie upinde wa fidla unavyokwaruza nyuzi kabla sauti haijajaa! Kwenye daladala usizivae, kelele zote zinaingia na jirani anasikia wimbo wako.