Pezi la chini ya ubao mrefu wa kuteleza juu ya mawimbi: maswali yenu wiki hii

Ubao wangu ni futi 9, nami nina kilo 60. Muuzaji anasema nichukue pezi la inchi 10. Ni sawa? (Bamburi)

Hapana, hilo ni kubwa. Pa kuanzia ni inchi moja ya pezi kwa kila futi ya ubao, kwa hiyo 9, ikiwa unatumia pezi moja tu. Lakini hesabu hiyo haijui uzani wako wala mawimbi yako. Kwa kilo 60, na mawimbi madogo ya ndani ya mwamba, shuka hadi 8 au 8.5. Likizidi, ubao unanyooka vizuri lakini kuugeuza utasukuma mguu wa nyuma mpaka uchoke. Mwenye kilo 90 atafaidi 9.5.

Na pima wima: kutoka kitako cha pezi hadi usawa wa ncha. Ukiizungusha futikamba kwenye mpindo wake, utapata inchi za uongo.

Nina nafasi za mapezi mawili madogo pembeni. Niyatie? (Nyali)

Ukiyatia, punguza la kati: inchi 6.5 hadi 7.5, na ya pembeni kama 3.5. Kosa la kawaida ni kuacha la 9 palepale kisha kulalamika kwamba ubao ni mzito. Mawimbi yakiwa madogo, toa ya pembeni.

Nati imepotea ndani ya mfereji wa kushikia pezi, na pezi lenyewe sijui nilikaze wapi. (Kisauni)

Geuza ubao, utikise, ile nati ya bapa itatokea kwenye uwazi wa katikati. Sasa ifunge kwenye skrubu mizunguko miwili, uitumie skrubu kama mkono wa kuitelezesha mbele, kisha ifungue. Ingiza kijiti cha nyuma ya pezi kwenye uwazi, sukuma pezi nyuma, shusha sehemu ya mbele, tundu likae juu ya nati. Kaza kwa vidole, halafu robo mzunguko kwa bisibisi. Ukizidisha, nati inang'oa kingo za mfereji.

Anza katikati. Ubao ukigoma kugeuka, sogeza pezi mbele nusu inchi. Ukiteleza ovyo, au ukitaka kutembea hadi puani, yaani ncha ya mbele ya ubao, lirudishe pezi nyuma. Badilisha kimoja kwa wakati, usibadilishe pezi na mahali pake siku moja. Ukirudi nyumbani osha skrubu kwa maji ya bomba, chumvi huigandisha.

Pezi limegonga mwamba maji yakipwa. Nichukue fupi zaidi? (Shanzu)

Inchi moja pungufu haikuokoi bamvua likipwa. Mwamba unakuwa karibu kabisa na uso wa maji. Ingia maji yakijaa. Kwa anayejifunza, pezi la plastiki laini ni bora kuliko la faiba: likigonga linapinda, wakati la faiba gumu hupeleka kishindo chote kwenye mfereji. Pezi jipya hununuliwa, ila mfereji uliopasuka unaingiza maji kwenye povu gumu la ndani ya ubao, na hapo fundi hawezi kuziba mpaka ubao ukauke kabisa. Kagua ufa kwa ukucha kabla ya kuingia tena.

Pezi linavuma nikienda kasi. (Nyali)

Kaza skrubu kwanza. Likivuma bado, tatizo ni ukingo wa nyuma: una pengo, au ni mnene upande mmoja. Pitisha msasa namba 220, kisha 400 kwa maji, pande zote mbili sawasawa. Usiunoe ukawa kisu, utakukata paja.