Maswali na majibu: ORM (maktaba inayogeuza rekodi za hifadhidata kuwa vitu vya programu) inapochelewesha data

Ukurasa wetu unaorodhesha oda 100 pamoja na jina la mteja wa kila oda. Kwenye kompyuta yangu unafunguka mara moja, kwenye seva unasuasua. Kwa nini?

Washa logi ya SQL uhesabu. Kama kila oda ina mteja wake, nategemea utakuta maulizo 101: la kwanza limeleta oda, 100 yaliyobaki yameleta wateja mmoja mmoja, kila kitanzi kilipogusa `oda.mteja`. Ndiyo N+1 inayosemwa. Kwako hifadhidata iko kwenye mashine ileile. Kule kila ulizo linasafiri kwenye mtandao. Safari ikichukua milisekunde 2 tu, tayari umepoteza 200 njiani. Django (ya Python) ina `select_related`, Hibernate (ORM ya Java) ina `JOIN FETCH`: zote huleta oda na mteja kwa ulizo moja.

Si nibadilishe tu uhusiano wote uwe EAGER (upakiwe papo hapo)?

Hapana, tafadhali. EAGER ukiiandika kwenye entiti (darasa linalowakilisha jedwali) inakufuata kila mahali, hata kwenye ukurasa usiomhitaji mteja kabisa. Tena haikuponyi: ukiandika JPQL (lugha ya maulizo ya JPA, kiwango cha Java ambacho Hibernate hukifuata) bila `JOIN FETCH`, Hibernate italeta oda, kisha itawafuata wateja kwa maulizo ya ziada. N+1 ileile. Kumbuka pia kwamba JPA huchukulia `@ManyToOne` na `@OneToOne` kuwa EAGER usipotaja chochote. Mimi huziandika LAZY (zipakiwe zinapoguswa tu) zote, halafu kila ulizo linataja lenyewe linachohitaji, kwa sababu anayeandika ulizo ndiye anayejua ukurasa utaonyesha nini.

Napata LazyInitializationException (kosa la kugusa uhusiano usiopakiwa wakati sesheni, yaani mawasiliano ya ORM na hifadhidata, imeshafungwa) ninapotengeneza JSON. Nimeambiwa niache sesheni wazi hadi mwisho wa ombi.

Kosa litatoweka, maulizo yatabaki. Kigeuzi cha JSON kitapita kwenye kila uhusiano na kuamsha ulizo jipya, nawe hutaliona. Spring Boot (mfumo wa kuundia programu za Java) huiacha sesheni wazi hivyo kwa chaguo-msingi, weka `spring.jpa.open-in-view=false`. Pakia unachohitaji ndani ya muamala, kisha toa DTO (kitu chepesi chenye data ya kuonyesha tu) badala ya entiti.

Naweza kutumia JOIN kwa bidhaa na malipo ya oda kwa pamoja?

Hapa ndipo wengi huumia. Oda moja yenye bidhaa 20 na malipo 5 itarudisha rekodi 100, kwa kuwa kila bidhaa inaoanishwa na kila malipo. Ukiongeza kugawa kurasa, Hibernate inaweza kusoma matokeo yote na kuyakata kwenye kumbukumbu ya programu. Kwa mikusanyiko tumia ulizo la pili lenye `IN`: `prefetch_related` kwenye Django, `selectinload` kwenye SQLAlchemy (ORM nyingine ya Python), `@BatchSize` kwenye Hibernate.

Nitazuiaje tatizo hili lisirudi?

Liwekee jaribio. Django ina `assertNumQueries`. SQLAlchemy ina `raiseload`, Rails (ya Ruby) ina `strict_loading`, na zote mbili hutupa kosa pale uhusiano usiopakiwa unapoguswa.