Gita likiuma vidole, lipime kabla ya kujilaumu

Anayeanza gita hapa Arusha akilalamika maumivu, ataambiwa avumilie mpaka vidole viote sugu. Vitaota, lakini kama nyuzi zimekaa juu mno, kodi ya F (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) itakushinda hata na sugu zako. Magita mengi ya bei nafuu hutoka dukani hivyo hivyo. Tafuta rula yenye milimita.

Tyuni kwanza, maana nyuzi zilizolegea hukupa kipimo cha uongo. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo, hesabu kutoka kichwani), pima kutoka juu ya chuma cha freti hadi chini ya uzi. Kwa gita la nyuzi za chuma, uzi wa E nene ukiwa milimita 2.5 hivi na wa E nyembamba 2, upo vizuri. Ukikuta 3.5 au 4, gita ndilo lenye tatizo.

Sasa angalia shingo. Bana E nene freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, uchungulie freti ya 7. Mwanya unaofaa kati ya uzi na freti hiyo ni unene wa karatasi mbili tu. Ukizidi, shingo imevutwa mbele. Gita la nyuzi za chuma huwa na chuma ndani ya shingo, kinachokazwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) kichwani au kupitia tundu la sauti. Fundi baiskeli wa mtaani huwa nazo za saizi mbalimbali. Isiyokaa sawasawa usiitumie, itakula tundu la chuma hicho. Kaza robo mzunguko kufuata mwendo wa saa, tyuni, pima tena. Ikigoma, acha. Gita la nailoni mara nyingi halina chuma hicho, na usilifunge nyuzi za chuma kamwe.

Kama bado nyuzi ziko juu, ndipo uje kwenye kile kipande cha mfupa au plastiki kilichochomekwa kwenye daraja, ule ubao wa juu ya tumbo la gita unaoshika nyuzi. Legeza nyuzi, kichomoe taratibu kwa koleo uliyoizungushia kitambaa, kisha weka msasa juu ya kioo na usugue upande wa chini. Hesabu yake wengi huikosea: freti ya 12 ni nusu ya urefu wa uzi, kwa hiyo kushusha milimita 1 pale unasaga milimita 2 kwenye kipande hiki. Saga kidogo, rudisha, pima. Chini pabaki tambarare, na juu ya daraja kipande kibaki kimechomoza kama milimita 3, la sivyo sauti inapwaya.

Ila usisage wakati wa masika. Kati ya Machi na Mei mbao hunywa unyevu, tumbo la gita huvimba, nyuzi hupanda. Kiangazi kikirudi zitashuka zenyewe, na ulichosaga hakirudi.

Vifereji vya karibu na kichwa mwachie fundi mwenye tupa zake. Wewe badilisha nyuzi: kutoka seti ya 0.012 kwenda 0.010 (unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa inchi) vidole vitapumua siku hiyo hiyo. Mvuto ukipungua shingo nayo hunyooka kidogo, hivyo rudia kipimo cha karatasi.