Maswali ya Wasomaji: Tarehe ya Kujifungua, Uchungu na Chupa

SWALI: Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 10 Machi, nikaandikiwa kujifungua tarehe 17 Desemba. Mbona wananihesabia hata wiki mbili ambazo sikuwa na mimba? Na nikipitisha tarehe hiyo?

JIBU: Siku ya kwanza ya hedhi unaiona kwa macho, siku yai lilipokutana na mbegu huioni. Ndiyo maana hesabu inaanzia kwenye hedhi: ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, unapata tarehe yako. Jumla yake ni kama siku 280, yaani wiki 40.

Ila hesabu hiyo inadhani kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28. Kama wako ni wa siku 35, yai lilichelewa wiki nzima, na tarehe yako ni 24 Desemba. Hapa ndipo wengi huambiwa wamepitiliza, kumbe bado. Ultrasaundi iliyopigwa kabla ya wiki 14 hukosea siku chache tu. Ya miezi ya mwisho yaweza kukosea hata wiki 3, kwa hiyo isifute ile ya mwanzo.

Mtoto akija kati ya wiki 37 na 42, amekuja kwa wakati wake. Wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa ni kama 1 kati ya 20. Ukifika wiki 41 hujajifungua, nenda ukapimwe na mzungumze habari ya kuanzishiwa uchungu, maana kondo la nyuma huanza kuchoka.

SWALI: Mimba ya kwanza, wiki 38. Usiku tumbo linakaza na kuachia. Mama mkwe anasema nisiende hospitali mpaka chupa ipasuke. Nitajuaje uchungu wa kweli?

JIBU: Usisubiri chupa, dada. Kwa wengi hupasuka uchungu ukiwa umeshakolea; inayotangulia uchungu ni kama mama 1 kati ya 10.

Chukua saa na karatasi. Andika tumbo linapoanza kukaza, linapoachia, na linapoanza tena. Uchungu wa uongo hauna mpangilio: dakika 7, kisha 20, kisha 10, halafu ukitembea, ukikojoa au ukinywa maji unatulia. Wa kweli hautulizwi na kubadili mkao. Unakaribiana, unarefuka, unazidi ukali, na mara nyingi huanzia kiunoni ukaja mbele. Kila unapokuja unauvuta mlango wa kizazi, ambao kwanza hulainika na kuwa mwembamba, ndipo ufunguke hadi sentimita 10. Zile 5 za mwanzo huenda polepole mno, hasa mimba ya kwanza, kwa hiyo ukirudishwa nyumbani usidhani umedharauliwa.

Ondoka uchungu ukija kila dakika 5, ukidumu kama dakika 1, kwa muda wa saa 1. Kama safari ni ndefu, usingoje ufike huko. Ute mzito wenye michirizi ya damu ni kizibo cha mlango wa kizazi kimetoka. Huo peke yake si wa kukimbilia hospitali.

Chupa ikipasuka, tazama saa, vaa pedi, uangalie rangi, kisha nenda hata kama huna uchungu, kwa sababu kadiri saa zinavyopita vijidudu hupata njia ya kupanda. Usijipime kwa vidole. Maji ya kijani au kahawia yana kinyesi cha mtoto: nenda mara moja. Ukihisi kitu kama kamba ukeni, kitovu kimetangulia na kichwa cha mtoto kinaweza kukibana. Piga magoti, kifua chini makalio juu, usikirudishe ndani, na watu watafute gari upesi.

Yapo mambo yasiyongoja saa wala karatasi: damu mbichi kama ya hedhi; kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu, ambazo zote tatu ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba; na mtoto kupunguza kucheza. Wanaosema mtoto hutulia siku za mwisho kwa kukosa nafasi wamekosea, na kosa hilo limewachelewesha akina mama wengi.

SWALI: Mke wangu alichomwa sindano pajani mara tu mtoto alipotoka, na kitovu hakikukatwa papo hapo. Kwa nini?

JIBU: Sindano hiyo ni oksitosini, uniti 10. Hukaza mji wa mimba, na misuli ikikaza ndiyo inayobana mishipa iliyokuwa ikilisha kondo. Ikilegea, damu humwagika. Inayozidi mililita 500 huhesabiwa kuwa nyingi. Kitovu huachwa kati ya dakika 1 na 3 ili damu iliyobaki kwenye kondo imwendee mtoto. Ni akiba yake ya madini ya chuma kwa miezi ya mwanzo.

Kondo kwa kawaida hutoka ndani ya dakika 30, na mkunga hulikagua, kwa kuwa kipande kikibaki tumboni kizazi hakikazi sawasawa. Kipande kidogo chaweza kujulikana siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo huko nyumbani, pedi kubwa ikilowa chapachapa ndani ya saa 1, mrudishe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.