Mchezaji kakataa kuongelea mkataba, je nimekosea kumuuliza?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni ripota wa redio huku Mwanza, kazini bado mgeni. Juzi mechi imeisha tu mhariri kanitumia meseji, muulize yule beki kama anasaini au anasepa maana mkataba wake unaisha mwisho wa msimu. Timu yake ilikuwa imetoka kupigwa nyumbani, nikamuuliza hivyohivyo mbele ya kamera, wenzake wanapita, akaniangalia akaondoka zake. Msemaji wa timu akanijia juu eti nimevunja maadili. Jioni mhariri akaposti "Beki agoma kuongelea mkataba, safari imeiva". Sasa hapa nani kakosea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mchezaji mtoe kabisa kwenye kesi hii, mkataba ni wake na mwajiri wake, mara nyingi kuna na kipengele cha siri humo ndani, kwahiyo kunyamaza ni haki yake hata kama kanyamaza kwa kununa.

Msemaji nae asikutishe. Swali lenyewe halina shida, mashabiki wanalipa viingilio na wananunua jezi zenye jina la huyo beki, wana haki ya kutaka kujua. Tena kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu asaini na timu nyingine, hilo ni jambo la wazi, mtu yeyote wa mpira anaweza kuuliza. Ila hapohapo ndo kuna mtego ambao maripota wengi hawauoni: umeshajua mkataba unaisha lini kweli au umeambiwa na mhariri ambaye nae kaambiwa kijiweni? Maana kama jamaa bado ana mwaka na nusu halafu kwa hasira akakujibu "ndiyo nimeongea na timu fulani", umemuingiza kwenye matatizo na klabu yake na yeye hata hajajua kajiingizaje. Tarehe kwanza, maiki baadae.

Wewe ulipoteleza ni kwenye muda na sehemu. Mtu katoka kufungwa, jasho halijakauka, unamuuliza kama anaondoka, na swali lako ni la ndiyo au hapana, yani chochote atakachosema kitamgeuka. Na mashabiki wetu unawajua, wiki ijayo akipiga pasi mbovu moja tu jukwaa zima litasema kauza mechi, moyo wake ushahama. Siku nyingine mtafute msemaji mapema, mwambie kabisa nina swali la mkataba, ili mchezaji ajipange au akatae kwa utulivu, halafu muulize kwa namna inayompa nafasi, kwa mfano mazungumzo yamefikia wapi. Uliza mara moja. Akisema hataki, unaandika hataki, unaenda kuiuliza klabu, imeisha hiyo.

Kosa kubwa lakini lipo kwa mhariri, samahani kama anasoma hapa. Kunyamaza kwa mchezaji kakugeuza kuwa habari ya kuondoka. Angalia Liverpool msimu wa 2024/25, walikuwa na watu watatu mikataba inaisha kwa pamoja, Mohamed Salah, Virgil van Dijk na Trent Alexander-Arnold. Salah ndo aliongea, Novemba 2024 baada ya kuifunga Southampton mabao mawili alisimama mwenyewe kwa waandishi akasema klabu haijampa ofa na anajiona karibu zaidi na kuondoka. Aprili 2025 akasaini miaka miwili. Van Dijk nae akasaini mwezi huohuo. Alexander-Arnold ambaye msimu mzima alikuwa anakwepa maswali hayo, akatangaza Mei kwamba anaondoka, akaishia Real Madrid. Sasa ungeandika kwa kuangalia nani kaongea na nani kanyamaza, aliyesema anakaribia kuondoka ungekuwa ushamuaga, na ndo alibaki.

Na hilo la Salah lina upande wa pili. Mchezaji anaposimama mwenyewe kukupa stori ya mkataba, jua kuna mtu anataka kusukumwa, kwa pale ilikuwa klabu. Sio dhambi, ila usikimbie hewani na upande mmoja, ipigie klabu simu kwanza.

Kingine hujaniuliza ila nakiweka, usije ukahamia kwa ndugu za mchezaji. Sakata la kiungo Feisal Salum "Fei Toto" kutaka kuvunja mkataba wake na Yanga mnalikumbuka, lilianza Desemba 2022 likaja kuisha Juni 2023 alipoenda Azam. Kamati za TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, zilikaa zaidi ya mara moja, kulikuwa na mambo ya sheria ya kuelezea watu kwa kirefu tu, lakini kilichobaki midomoni mwa wengi ni ile kauli iliyotoka kwa familia yake, kwamba alikuwa anakula ugali na sukari. Mzazi ana uchungu wa mwanae, ataongea chochote ukimuwekea maiki, na utani utamkuta mtoto uwanjani.

SWALI: Kaka mambo. Wakala mmoja kanirushia 50,000 "ya vocha" baada ya mimi kuandika kwamba mteja wake anatakiwa na timu mbili kubwa. Sikumuomba. Nifanyeje? (Dar)

JIBU: Poa. Irudishe leo kwa namba ileile iliyotumia, muamala ubaki kwenye simu, na mwambie mhariri wako kabla hajaambiwa na mwingine. Halafu jiulize hiyo stori nani alikupa, kama ni yeye huyohuyo wakala basi wewe umemsaidia kupandisha dau la mteja wake, na hizo timu mbili inawezekana hata jina la huyo kijana hazilijui. Zipigie zote mbili. Zikikana, andika zimekana, na uandike palepale ulipoandika mwanzo.