Kabla ya Kukubali Kwamba Ini la Kijana Wenu Halipasuliki

Mdogo wangu alikuwa na miaka 23, hanywi pombe wala hana homa ya ini, alipoambiwa kwamba uvimbe uliokuwa chini ya mbavu zake za kulia ni saratani. Kwa miezi kadhaa zahanati moja ya huku kwetu Temeke ilikuwa ikimpa dawa za vidonda vya tumbo. Majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yalitaja faibrolamela, saratani adimu ya ini inayowapata zaidi vijana, ambayo mara nyingi haipandishi kipimo cha damu cha alfa-fetoproteini, protini ambayo mara nyingi hupanda katika saratani ya ini ya kawaida. Kwa hiyo kipimo hicho kikiwa kizuri, msitulie.

Ndugu walianza kutaja kuuza kiwanja ili tukimbilie India. Nawasihi, kabla ya kukubali kwamba ini halipasuliki, kwanza mtafuteni daktari bingwa wa upasuaji wa ini, mkiwa na picha zenyewe za CT skani kwenye diski na si karatasi ya ripoti peke yake.

Wagonjwa wengi wa saratani ya ini hawapasuliwi kwa sababu ini lao limekwisha kusinyaa kwa makovu, na kipande kitakachobaki hakiwezi kubeba kazi. Ini la mgonjwa wa faibrolamela kwa kawaida ni zima nje ya uvimbe, hivyo linaweza kukatwa sehemu kubwa na kinachobaki kikakua. Basi ulizeni: kitabaki kiasi gani? Kwa ini lenye afya, madaktari huhitaji ibaki takriban asilimia 20 hadi 30. Ikipungua hapo, wanaweza kuziba kwanza tawi la mshipa mkubwa unaopeleka damu upande wenye uvimbe, wakasubiri wiki kadhaa upande wa pili unenepe, ndipo wapasue.

Ulizeni pia kuhusu tezi za limfu, yaani vijitezi vya kinga ya mwili, zilizo jirani na ini, kwa kuwa saratani hii hupenda kuhamia huko, na ni vyema ziondolewe katika upasuaji huohuo. Mimi nisingelijua hilo kama muuguzi mmoja mwenye huruma asingelinidokeza.

Kupandikiza ini hufikiriwa pale uvimbe usipokatika na ugonjwa haujatoka nje ya ini. Aliyepandikizwa hunywa dawa za kushusha kinga maisha yake yote. Sisi hatukufika huko.

Ugonjwa huu hurudi mara nyingi, na ukirudi huweza kupasuliwa tena iwapo umeonekana mapema. Ndiyo maana hatuondoki kliniki kabla ya kuandikiwa tarehe ya picha inayofuata.